Maji Yasiyomezwa

Mwiko ulisimama katikati ya ugali. Tangu asubuhi Notburga alikuwa akisikia kelele za wavulana uani, na kelele zao hazikumtia shaka hata kidogo, maana mvulana anayepiga kelele hana nafasi ya kufanya jambo lingine. Kilichomshtua ni kwamba zilikatika ghafla, zote kwa mpigo mmoja.

"Rupert!" aliita kabla hajafika hata mlangoni. "Rupert, njoo uniteremshie chungu!"

Chungu hakikuwa cha kuteremshwa. Unga ulikuwa bado mbichi, na mwanamke yeyote angelijua hilo kwa harufu tu. Lakini uani pale hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na wanafunzi waliojipanga duara, na katikati ya duara walisimama wawili, Rupert mwanawe na Sefu mtoto wa askari Daimu, wameshikilia bunduki moja ya mti, kila mmoja akivuta upande wake. Bunduki zile zilichongwa kwa ajili ya gwaride la shule. Hazikuweza kumuua hata kuku. Notburga aliutazama mshipa wa shingo ya mwanawe, ule wa kushoto, akauona umetuna kama kamba iliyoloa.

"Rupert! Ugali unaungua!"

Vidole vikaachia. Rupert alikuja jikoni akitembea taratibu mno, mwendo wa mtu anayebeba kitu kilichojaa mpaka ukingoni. Wavulana nyuma yake wakaanza tena kucheka na kusukumana, na Sefu akaitupa ile bunduki begani kwa madaha.

Notburga alichota maji mtungini kwa kata, akampa.

"Shika."

Rupert akayajaza mdomoni, mashavu yakavimba. Wakatoka kwa mlango wa nyuma mpaka kwenye migomba, mahali ambapo jicho la uani halifiki. Hapo walisimama, mama na mwana. Upepo wa milima ya Matogoro ulikuwa mkali, maana ulikuwa msimu wa baridi, na majani makavu ya migomba yalikuwa yakisuguana juu yao. Notburga hakuondoa macho kwenye ule mshipa. Ulipiga, ulipiga, ukapungua, ukalala.

"Sasa itaje moyoni, uyateme."

Rupert akainama, akayatema shinani mwa mgomba. Akafuta midomo kwa mkono.

"Kasema bunduki haipewi mtoto wa mnyongwa, Mawu," alisema. Hata shuleni, mbele ya watoto wa watu, alimwita mama yake kwa Kingoni. Tayari alikuwa amemzidi kimo, na sauti yake ilikuwa imeshavunjika, siku nyingine nzito, siku nyingine inateleza.

"Umeshayatema?"

"Nimeyatema."

"Basi limekwisha. Nenda kanawe."

Jambo hilo la maji lilikuwa la kwao Notburga, watu wa milimani waliokuwapo kabla Wangoni hawajaja na ngao zao. Bibi yake ndiye aliyemfundisha. Mtu mwenye hasira hakuruhusiwa kusogelea jiko, wala ghala, wala kaburi la wazee. Alipewa maji akayashika mdomoni mpaka yapate joto la mwili wake, akaitaja hasira yake kimoyomoyo, kisha akayatema chini. Ardhi ndiyo ijuayo pa kuyapeleka. Sharti lilikuwa moja tu: usiyameze. Ukiyameza umeimeza na hasira yenyewe, na hasira ya kumezwa haitoki tena kwa hiari, hukaa tumboni ikikungoja. Mjomba wa Notburga aliyameza kwa bahati mbaya, alikohoa tu, na kabla ya mavuno alikuwa amempasua jirani yake kichwa kwa jembe. Hadithi hiyo Rupert aliijua tangu akiwa mgongoni.

Zamani jambo hili lilifanywa mlangoni, watu wakiona. Siku hizi lilifanywa nyuma ya migomba. Tangu vita vya Maji Maji kwisha, neno lenyewe la maji lilikuwa limeharibika. Watu walipewa maji ya mganga, wakaambiwa risasi zitageuka matone, wakaenda nayo mbele ya bunduki za Wajerumani, na kila mtu Songea anajua kilichotokea. Baada ya vita ikaja kamba, na baada ya kamba ikaja njaa, kwa kuwa mashamba yalichomwa na maghala yakachomwa. Mume wa Notburga alinyongwa bomani pamoja na wakubwa wengine wa Kingoni. Watoto wake wawili wadogo walichukuliwa na njaa. Akabaki Rupert. Na mpaka leo, miaka mitatu baadaye, mtu akikutwa na kibuyu asichoweza kukieleza alikuwa amekwisha. Mzee mmoja wa upande wa Hanga alitiwa mnyororo kwa sababu ya dawa yake ya kikohozi.

Ndiyo maana Notburga aliomba kazi ya kupika shuleni. Watu walidhani anafuata ukoko wa ugali, na yeye akawaacha wadhani hivyo. Alikuja kulinda shingo ya mwanawe. Rupert alikuwa na akili, mwalimu mwenyewe alikiri, lakini alikuwa na hasira za baba yake, hasira za kufumba na kufumbua. Msimu uliopita alimvunja jino mwenzake Osmund kwa sababu ya kicheko. Kicheko tu! Osmund alisamehe, maana Osmund ni mtu wa kusamehe mradi apewe maharage ya nyongeza. Mwalimu hakusamehe.

Na sasa huyo mwalimu alikuwa anakuja jikoni, kanzu ameikunja mkononi ili isishike vumbi. Mwalimu Bakili alikuwa mtu wa pwani, na ingawa alishakaa Ungoni misimu kadhaa, bado aliilalamikia baridi kana kwamba kuna mtu aliyeiwasha makusudi ili kumkomoa yeye.

"Mama Rupert, hujambo?"

"Sijambo, Mwalimu. Na wewe?"

"Alhamdulillahi, ila nina tumbo joto." Alichungulia chungu, akachungulia mlango, akarudi kuchungulia chungu. "Mzungu wa boma anakuja leo. Leo hii, kabla ya chakula. Atatazama gwaride, kisha atachagua mnyapara wa shule, kijana wa kuwaongoza wenzake. Daimu ndiye atakayepigisha gwaride."

"Daimu baba yake Sefu?"

"Huyo huyo. Sasa sikiliza, Mama. Mwanao angeweza kuchaguliwa, hesabu anazijua kuliko wote. Lakini uani nimeyaona ya asubuhi, usidhani sikuyaona." Akashusha sauti. "Mimi nikimchapa ni fimbo za mwalimu, zinapona. Akirusha ngumi mbele ya Mzungu, tena amrushie mtoto wa askari, haitakuwa ugomvi wa watoto tena. Watauliza baba yake ni nani. Unajua watakachosema wakishajua."

Notburga alijua. Alisonga ugali kwa nguvu, mwiko ukalalamika.

"Watasema damu ile ile," alisema.

"Watasema damu ile ile. Mimi sitaweza kusimama pale kumtetea, nisikufiche. Nina watoto Lindi." Akaondoka, na alipofika uani akaanza kuwafokea wavulana wafagie mahali ambapo walikuwa wameshafagia.

Notburga aliteremsha chungu mwenyewe. Akaketi kwenye kigogo karibu na ukuta, apumue kidogo. Ukuta wa jiko ulikuwa wa miti na udongo, na udongo ulikuwa umeanza kubanduka, hivi kwamba aliyekaa ndani alisikia kila jambo la nje. Nje walikuwa wamejibanza wavulana wawili, wakikwepa kufagia. Alizitambua sauti zao: moja ya Osmund, nyingine ya Sefu.

"Mnyapara atakuwa Rupert," Osmund alikuwa akisema. "Unajisumbua bure."

"Hatakuwa. Baba kaniambia nikikosa mimi, nisirudi nyumbani na ngozi yangu nzima."

"Sasa utafanyaje?"

"Ntamwambia jambo. Pale pale mstarini, wakati Mzungu anatazama. Ntamwambia baba yake alivyolia."

"Baba yake nani?"

"Baba yake Rupert. Baba yangu alikuwapo, alikuwa ameshika kamba. Huyo wa Rupert alilia kama mtoto mchanga, akamwita mama yake." Sefu alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu. "Nikimwambia hivyo unadhani atakaa kimya? Yule? Atanirukia, na akinirukia kwisha."

"Sefu, hilo ni baya," alisema Osmund.

"Baya ni kiboko cha baba yangu, we hukijui."

Notburga alibaki ameketi, mikono mapajani. Hakuwahi kumwuliza mtu yeyote mumewe alikufaje. Siku ile alikuwa porini na watoto, wakila mizizi, na habari ilimfikia imeshapoa. Watu walimwambia amekufa, na yeye akatosheka na neno hilo moja, maana maneno mengine angeyaweka wapi? Sasa amewekewa. Alimwona mumewe, mtu mrefu aliyekuwa akicheka kwa pua, akiita mama yake mbele ya watu waliokuja kutazama. Alimwona Daimu ameshika kamba. Mkono wake ulinyanyua mwiko wenyewe, bila yeye kuuamuru, na miguu ikasimama, na kabla hajajitambua alikuwa mlangoni, anatafuta kichwa cha Sefu.

Hasira ile ilimtisha kuliko ya Rupert. Alirudi ndani, akachota maji, akajaza mdomo wake mwenyewe. Aliyashika mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaenda migombani, akataja, akatema. Yalitoka mdomoni, lakini kifuani aliona kama hayajatoka yote.

Afanye nini? Akimweleza Rupert, Rupert hatangoja gwaride, atamfuata Sefu huko huko kwenye mafagio. Akimweleza mwalimu, mwalimu ataenda kwa Daimu, na Daimu atakana, na itakuwa yeye, mke wa mnyongwa, anayemsingizia askari wa serikali. Akimficha Rupert? Watauliza mwanafunzi aliyekosekana yuko wapi. Kila njia aliyoiwaza iliishia kule kule kilimani, bomani.

Tarumbeta ililia barabarani. Alimvuta Rupert kwa mkono kutoka kwenye kundi, akamwingiza jikoni.

"Shika," alisema, akimpa kata.

"Mawu, sina hasira sasa."

"Itakuja. Shika tangu sasa, uyashike mpaka Mzungu aondoke. Ukisikia neno lolote pale mstarini, neno lolote, usilijibu. Huwezi kujibu mdomo ukiwa umejaa. Mikono uibane mapajani."

"Neno gani?"

"Usiniulize. Mwanangu, mimi nakuomba. Wewe ndiye mtu niliyebakiwa naye."

Pengine Rupert alikuwa na la kusema, kijana wa umri ule hakosi la kusema. Lakini aliiona midomo ya mama yake inavyotetemeka. Akapokea kata, akajaza mdomo, akatoka mbio kwenda mstarini, bunduki ya mti begani.

Kosa la Notburga lilikuwa hapo, na alilitambua akiwa amechelewa mno kulirekebisha. Alikuwa amewaza juu ya ngumi, akawaza juu ya matusi, akawaza juu ya kamba. Hakuwaza kwamba katika gwaride watu huitwa majina.

Mzungu alifika amepanda nyumbu. Alikuwa mtu mwekundu, mwenye mafua, na kila mara alikuwa akijipangusa pua kwa kitambaa. Daimu alitembea mbele yake, sare imenyooka, bunduki yake ya kweli mkononi. Wavulana walisimama mistari miwili. Sefu alikuwa amefanya hila mpaka akapata nafasi ubavuni pa Rupert.

Notburga alisimama mlangoni mwa jiko, ameshika mtungi kama mtu anayetaka kuusogeza. Wavulana waligeuka kulia, waligeuka kushoto, wakapiga miguu, vumbi likapanda. Kisha wakaamriwa kutulia, na katika utulivu ule akaiona midomo ya Sefu ikicheza kidogo, upande mmoja, karibu na sikio la mwanawe.

Hakusikia neno hata moja. Hakuhitaji kusikia. Aliona mgongo wa Rupert ukikauka wima. Aliona mshipa ukitoka shingoni, ukapanda mpaka chini ya sikio, na mkono wa kulia ukakunjwa ngumi, vifundo vikatokeza. Sefu alisema tena. Ngumi ikatikisika. Taratibu, kidole kimoja kimoja, ile ngumi ikafunguka, na kiganja kikabanwa pajani, pale pale alipokuwa ameambiwa akibane. Mashavu yalikuwa yamevimba. Machozi yalimtiririka Rupert na hakuyafuta, lakini hakugeuza hata shingo.

Ameweza, Notburga alijiambia. Mwanangu ameweza. Furaha ilimjia ghafla, akataka kupiga kigelegele.

"Osmund!" Daimu aliita.

"Hapa, Bwana!"

"Rupert!"

Kimya.

Mtungi ulimteleza mikononi, akaudaka.

"Rupert!"

Kimya. Wavulana waligeuza macho bila kugeuza vichwa. Mwalimu Bakili alifumba yake. Daimu akaja hatua kwa hatua mpaka mbele ya Rupert, akamsogezea uso.

"Wewe huna jina? Una nini humo mdomoni?"

Meza, Notburga alisema moyoni, meza mwanangu, mara moja tu. Na wakati huo huo alijua hatameza. Nani aliyemfundisha asimeze? Ni yeye. Alimlisha ile hadithi ya mjomba na jembe pamoja na uji. Rupert alikuwa amemshinda Sefu, sasa alikuwa anamtazama Daimu, mtu aliyeshika kamba, na alichokuwa nacho mdomoni hakikuwa kitu cha kurudisha tumboni.

Daimu alimzaba kofi.

Maji yalimtoka Rupert kwa nguvu, yakamrukia Daimu kifuani, yakarukia mkono wake na bunduki. Daimu akaruka nyuma. Kila mtu aliiona sura yake ilivyobadilika, yule askari aliyetembea kwa majivuno akawa mtu mwingine kabisa, mtu aliyewahi kusimama mahali pabaya akiwaona watu wanakuja juu ya maiti za wenzao bila kukoma, wakiita neno moja.

"Maji!" alipaza sauti. "Bwana Mkubwa, maji! Ana maji!"

Akajikung'uta kama anayeungua. Kisha bunduki ikapanda, na mdomo wake ukawa kifuani mwa Rupert.

Neno lile halikuwa limetamkwa hadharani kwa sauti namna ile tangu vita viishe. Rupert alisimama, viganja vimebanwa mapajani, maji yanamdondoka kidevuni.

Baadaye watu walisema Notburga alikimbia. Hakukimbia. Alitembea kutoka jikoni mpaka katikati ya uwanja, mtungi kiunoni, kata mkononi, na njia ilikuwa ndefu kuliko ile ya porini.

"Ni mimi," alisema. "Mimi nimempa. Ni maji ya jikoni."

"Maji ya nini?" Mzungu aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu, lakini alikijua.

Notburga alifungua mdomo aseme kweli, kwamba ni maji ya hasira. Na pengine angesema, na hadithi yao ingeishia hapo. Lakini Mwalimu Bakili, mwenye watoto Lindi, aliyesema hataweza kumtetea mtu, alijitokeza mbele akiwa amelowa jasho katika baridi ile.

"Jino, Bwana Mkubwa," alisema. "Kijana anaumwa jino. Mama yake amempa maji ya chumvi asukutue. Ni kusukutua tu, Bwana Mkubwa. Mjinga huyu alisahau kutema."

"Uongo!" alisema Daimu, bunduki ikicheza. "Hata wakati ule walisema hivi hivi, ni dawa ya tumbo, ni dawa ya watoto!"

Mzungu alipangusa pua. Alimtazama Rupert, akamtazama mwalimu, akautazama mtungi. Alishuka kwenye nyumbu, akaunusa.

"Mganga hanywi dawa yake," alisema. "Wewe, mwanamke. Chota. Kunywa."

Notburga alichota. Kata ilikuwa imejaa, lakini hakumwaga tone. Mbele yake alisimama Daimu. Aliiona mikono yake kwenye bunduki, mikono mikubwa, yenye kovu juu ya kidole gumba, akafikiri: ni hii. Hasira aliyoitema asubuhi kule migombani ilirudi yote, na nyingine nyuma yake, ya mume, ya watoto wawili, ya maghala yaliyochomwa, ya mdomo wa bunduki kifuani mwa huyu mmoja. Ikamjaa mpaka kooni. Akanywa.

"Yote," alisema Mzungu.

Alimeza. Rupert alikuwa anamtazama, na macho yake yalikuwa makubwa, ya mtoto mdogo. Notburga alimeza funda baada ya funda mpaka kata ikawa tupu, akaigeuza juu chini waione.

Mzungu akacheka kidogo, kisha akapiga chafya. "Jino," alisema. Alimwambia Daimu ashushe bunduki, na Daimu akaishusha bila kuangalia mtu. Rupert akachapwa viboko vitano kwa kutoitika jina lake, na aliyechapa ni Daimu, na alichapa kwa nguvu zote za mtu aliyeonekana akiogopa. Rupert hakulia. Halafu Mzungu akanyoosha kidole kwa kijana aliyesimama kando ya Rupert, akauliza anaitwa nani.

"Sefu, Bwana Mkubwa."

Akavishwa mkanda mwekundu wa unyapara, na msafara ukarudi bomani.

Ugali ulikuwa umeshapoa na kushika ngozi juu. Rupert alilala kifudifudi kwenye mkeka jikoni, na Notburga akamkanda mgongo kwa majani ya moto. Mwalimu alipita mlangoni, akasimama, akasema kwamba baridi ya leo haijapata kutokea, akaenda zake. Notburga angemshukuru, ila aliona mwalimu hataki kushukuriwa.

"Mawu," alisema Rupert, uso mkekani. "Wewe ulimeza."

"Nilimeza."

"Sasa itakuwaje?"

Notburga aliendelea kukanda. Angemdanganya, kama angekuwa na uongo wa kutosha. "Sijui, mwanangu. Bibi hakunifundisha hapo."

Rupert alijiinua kwa viwiko, akikunja uso kwa maumivu. Alijikongoja mpaka mtungini, akachota kata, akamletea mama yake.

"Shika," alisema.

Notburga akayajaza mdomoni. Yalikuwa ya baridi mpaka meno yakamwuma. Aliugeukia mlango wa nyuma aende migombani, na hapo akasikia mtu anakohoa mlango wa mbele.

Alikuwa Sefu. Alikuja kuchukua chakula cha wenzake, maana hiyo ndiyo kazi ya mnyapara, na bakuli kubwa la mti alilikumbatia kifuani, limeuficha mkanda wake mwekundu. Alimwona Rupert, akainamisha macho.

"Mama," alisema. "Yale niliyomwambia Rupert pale mstarini."

Rupert hakusogea. Notburga aliutazama mshipa wa shingo ya mwanawe, ulikuwa umelala.

"Yale ya baba yake," Sefu aliendelea. "Mimi sikuwapo. Mimi baba ndiye..." Alilipandisha bakuli kidogo kifuani. "Ukitaka ntakwambia alichoniambia kweli. Ukitaka, Mama. Niulize."

Alinyanyua macho, akayaona mashavu ya Notburga yamevimba. Akarudi nyuma hatua moja, vile vile alivyorudi baba yake. Lakini hakukimbia. Alisimama kizingitini, bakuli amelinyoosha mbele.

Swali lilikuwa pale, nyuma ya meno. Alilia au hakulia? Kama aliita, aliita nani? Ili aulize ilimpasa kwanza ateme, au ameze tena, na migomba ilikuwa nje ya mlango wa nyuma, na hapo alipo palikuwa jikoni, pasipotemwa hasira. Notburga alishika mwiko. Alikata ugali kipande kikubwa, akakiweka kwenye bakuli la Sefu, akakata kingine. Kijana alikuwa bado anamtazama, akingoja aulizwe, na mdomoni mwa Notburga maji yalikuwa yameanza kupata joto.